Buluu ya Sahani Zile Ilichimbwa na Nani?

Katika nyumba nyingi za Likasi na Kambove, huku Katanga, hasa zile ambazo babu alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, au baba alikuwa wa Gécamines iliyoirithi, sebuleni kuna kabati la vioo. Ndani yake zimepangwa sahani nyeupe zenye michoro ya buluu, vikombe vyenye masikio membamba, na bakuli la sukari lenye mfuniko wake. Zimo zenye mhuri wa viwanda vya Uingereza, zimo za Ubelgiji, na zimo ambazo mhuri umefutika. Nyingine zilinunuliwa kwa Wazungu waliokuwa wakifunga mizigo yao, nyingine zilikuja kwa reli kutoka Rhodesia. Nyingi hazijatiwa chakula kwa miaka.

Juu ya vyombo hivyo kuna maoni ambayo wengi wetu tumekua nayo. Tunayasikia harusini, tunayasikia baada ya misa, na siku hizi hata vijana waliozaliwa baada ya Gécamines kuanguka wanayarudia. Yanasema hivi: Wazungu walijua kuishi, na Waingereza zaidi ya wote walijua kukaa mezani. Walitengeneza kauri iliyo bora kuliko zote. Walipanga mlo kwa hatua, supu kisha nyama, na wakaumaliza kwa kitindamlo katika sahani zake maalumu, kwa utulivu. Mpangilio ule wa meza ndio uliojenga reli, tanuru na hospitali. Sisi tulikula bukari, yaani ugali, kwa mkono, wote katika sahani moja, tukanawa tukaondoka. Kwa hiyo sahani zile ni kipimo cha ustaarabu: zitunzwe, ziheshimiwe, zitolewe siku mgeni wa maana akija.

Wanaosema hivyo wana sababu zao, na nitazieleza kwa haki. Wameuona mji ukiporomoka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba wa Gécamines ukaanguka ndani ya miaka michache, mishahara ikakatika, shule na hospitali za kampuni zikadorora. Familia ziliuza redio, baiskeli, hata mabati. Sahani zilizosalia kabatini ni kumbukumbu ya wakati ambapo mshahara ulifika mwisho wa mwezi. Mama anayezifuta vumbi kila Jumamosi anatunza heshima ya nyumba yake, na mimi siwezi kumlaumu kwa hilo. Ninachokipinga ni hadithi tuliyozibandika sahani hizo. Si ya kweli, na gharama yake tunailipa sisi wenyewe.

Kwanza: kauri

Wachina walichoma kauri kwa karne nyingi Ulaya ikiwa haijui inatengenezwaje. Kiwanda cha kwanza cha Ulaya kuipata kauri ngumu kilikuwa Meissen, huko Saxony, mwaka 1710. Waingereza walikuja nyuma yao: Chelsea na Bow katika miaka ya 1740, Worcester mwaka 1751. Kilicho chao hasa ni kauri ya mifupa, ambayo Josiah Spode wa Stoke-on-Trent aliikamilisha mwishoni mwa karne ya 18, na karibu nusu ya udongo wake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. Michoro waliiga. Ule mchoro wa buluu unaojulikana kuliko yote, wenye mti wa matawi yanayoning'inia, daraja, na ndege wawili juu, ulibuniwa Uingereza kwa kuiga vyombo vya China. Hata kisa cha wapenzi wawili wa Kichina kinachosimuliwa juu yake kilitungwa na Waingereza baadaye, vyombo vikiwa tayari sokoni.

Tukija upande wetu, Mswahili yeyote anayedhani kwamba kauri ililetwa kwa watu wa lugha yake na Mwingereza ameibiwa historia yake. Magofu ya Gedi na Kilwa yana vigae vya kauri ya China vya karne ambazo London haikuwa na kiwanda hata kimoja. Makaburi ya nguzo ya Mambrui, karibu na Malindi, na ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yalipambwa kwa mabakuli ya kauri yaliyojengewa ndani ya chokaa. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na vidaka ukutani, safu juu ya safu, na kauri ilipangwa humo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli na vitoweo vyake, na pembeni ndizi zilizopikwa kwa maziwa na kutiwa katika chombo chake peke yake. Karne ya 19 viwanda vya Ulaya, vikiwemo vya Maastricht nchini Uholanzi, vilitengeneza mabakuli yenye maua na rangi zilizopendwa na wanunuzi wa pwani ya Afrika Mashariki. Maana yake mama wa Lamu na wa Unguja alichagua, na fundi wa Ulaya akamfuata.

Kiswahili tunachokisema Kambove kilitufikia kutoka mashariki, kwa misafara na kwa vibarua. Hadithi iliyotufikia pamoja nacho ilipaswa kuwa hii.

Pili: meza

Inasemwa kwamba Mwingereza alikula kwa hatua na kwa uma tangu zamani. Mwaka 1611 msafiri Mwingereza Thomas Coryat alichapisha kitabu ambamo alieleza, kama jambo geni, kwamba Waitaliano hushika nyama kwa uma. Watu wa kwao walikuwa wakitumia vidole na kisu. Na mpaka karne ya 19, katika nyumba za matajiri wa Uingereza, vyakula viliwekwa mezani vyote kwa pamoja, kila mtu akijipakulia na kumpakulia jirani kutoka vyombo vya pamoja. Mtindo wa kuleta chakula kimoja kimoja, kila mtu na sahani yake iliyopakuliwa na mtumishi, waliupata kupitia Wafaransa, ambao nao waliuita wa Kirusi. Ulienea Uingereza katikati ya karne ile.

Kwa hiyo tunapowaambia watoto kwamba kula pamoja katika chombo kimoja ni ushamba, tunawafundisha kudharau desturi ambayo mabwana wa Uingereza waliifuata vizazi vitatu tu kabla ya reli kufika Kambove. Na mtindo ule mpya ulihitaji watumishi: mtu wa kupakua, mtu wa kuondoa, mtu wa kuosha. Katanga ilipoupokea, mtu huyo alikuwa boyi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha huku, kwa niaba ya wale waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Ni miongoni mwa maandishi machache ambamo waliozibeba sahani wenyewe ndio wanaozungumza. Katika shule zetu ni wanafunzi wangapi wamewahi kulisikia jina lake? Majina ya wakurugenzi wa Union Minière tunayajua, kwa sababu Likasi yenyewe iliitwa Jadotville kwa ajili ya mmoja wao.

Tatu: kitindamlo

Hapa ndipo hadithi inapotisha. Kitindamlo cha Waingereza wa karne ya 18 kilikuwa na adabu zake: kitambaa cha meza kinaondolewa, matunda, njugu, peremende na mvinyo vinawekwa juu ya mbao iliyong'arishwa, katika sahani za seti ya peke yake, pamoja na vyombo vya krimu na vya sukari. Fahari yote ile ilisimama juu ya sukari, na sukari ile ilitoka Jamaica, Barbados na visiwa vingine vya Karibi, kwa mikono ya Waafrika waliokamatwa, wakasafirishwa na kuuzwa. Kadiri sukari ilivyokuwa nyingi na rahisi, ndivyo viwanda vya Staffordshire vilivyouza mabakuli ya sukari na sahani za kitindamlo.

Wapo Waingereza walioliona jambo hili wakati uleule. Mwaka 1791 William Fox aliandika kijitabu cha kuwataka wenzake waache sukari ya watumwa, na maelfu ya familia waliacha kuitumia. Miaka ya 1820 yalikuwepo mabakuli ya sukari yaliyoandikwa ubavuni kwamba sukari ya ndani imetoka India na haikulimwa na watumwa. Josiah Wedgwood, mfinyanzi mashuhuri kuliko wote, alitengeneza mwaka 1787 ile nishani ya mtumwa aliyepiga magoti katika minyororo, ikavaliwa na wapinzani wa biashara ya utumwa. Viwanda vyake viliendelea kutengeneza vyombo vya chai na vya vitu vitamu. Sitaki kumhukumu mtu mmoja. Ninasema kwamba Waingereza wa wakati ule waliijua damu iliyokuwa katika bakuli la sukari, wakaiandika juu ya bakuli lenyewe, na sisi, ndugu wa waliouzwa, miaka mia mbili baadaye tunaliweka bakuli kabatini kama kielelezo cha adabu njema.

Wala wafinyanzi wenyewe hawakusalimika. Samuel Scriven alipokagua viwanda vya Staffordshire mwaka 1841 kwa niaba ya tume ya serikali, aliwakuta watoto wakibeba vyombo kwa saa nyingi katika vyumba vya joto kali. Vumbi la jiwe la gumegume liliharibu mapafu ya wafanyakazi, na madini ya risasi yaliyotiwa katika utando unaong'aa yaliwaua waliokuwa wakichovya sahani. Watu hao walikuwa weupe na maskini, na sahani walizozitengeneza hawakuzilia.

Nne: buluu

Sasa nifike kwetu, kwa sababu hapa Kambove ndipo kimya chetu kinaponiuma zaidi.

Buluu ya sahani zile ni kobalti. Hakuna rangi nyingine iliyostahimili moto wa tanuru la kauri vizuri kama hiyo, na inatosha kidogo sana: chini ya asilimia 1 ya oksaidi ya kobalti katika utando wa chombo hutoa buluu nzito. Wachina wa karne ya 14 waliipata kutoka Uajemi. Wazungu waliipata kwa karne nyingi kutoka milima ya Saxony, hasa Schneeberg, na baadaye pia kutoka Modum, Norwei, ambako kiwanda cha buluu kilianzishwa mwaka 1776. Wachimbaji wa Schneeberg walikufa kwa ugonjwa wa kifua ambao haukuwa na jina mpaka mwaka 1879, madaktari Härting na Hesse walipoonyesha kwamba ni saratani ya mapafu. Kwa hiyo sahani ya kweli ya kale, ile ya Worcester au Spode ya karne ya 18, haikupakwa kobalti ya Katanga. Nalisema hili wazi ili mtu asije akanijibu kwalo.

Lakini sahani nyingi za kabati zetu si za karne ya 18. Ni za karne ya 20, na katika karne hiyo historia ilihamia hapa. George Grey alikuja kutafuta madini kwa niaba ya Tanganyika Concessions, kampuni ya London ya Robert Williams, na shaba ya Kambove ilikuwa miongoni mwa walichokipata mwanzoni kabisa. Mwaka 1906 kampuni hiyo iliungana na Wabelgiji kuunda Union Minière du Haut-Katanga. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913, ikileta makaa ya Wankie, wahandisi, na vyombo vya mezani vya wahandisi hao. Robert Williams alipeleka watu wake kuandika vibarua huko Rhodesia ya Kaskazini, na wengi wa vibarua wa miaka ile ya mwanzo walikufa kambini kwa magonjwa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1920 Union Minière ilikuwa imeanza kuuza kobalti, na kabla ya muongo huo kwisha Katanga ilikuwa imeipita Kanada na kuwa mzalishaji mkuu duniani. Madini yalichimbwa hapa, yakayeyushwa Likasi katika mitambo ya Panda na Shituru, na mengine yakasafishwa Olen, Ubelgiji. Viwanda vya kauri na rangi vilikuwa wateja wa kobalti tangu zamani, na sasa soko lilikuwa mikononi mwa Katanga. Hata mgodi wa Shinkolobwe, ulio katika wilaya yetu hii ya Kambove, uligusa meza za watu: kabla ya bomu la atomiki, urani ilikuwa mabaki ya kazi ya kutoa radiamu, na iliuzwa kwa watengenezaji wa vioo na kauri kwa ajili ya manjano na rangi ya chungwa.

Tazama basi mzunguko ulivyo. Mawe yanatoka chini ya ardhi ya Kambove. Yanapelekwa Ulaya. Yanarudi yakiwa maua ya buluu juu ya sahani, na mjukuu wa aliyeyachimba anaambiwa asiiguse sahani ile, kwa kuwa ni ya wastaarabu. Babu hakuwahi kuambiwa jiwe lake linakwenda kufanya nini. Alipewa poso ya unga wa wiki, akala katika bakuli la bati. Ni dhuluma kumpokonya mtu kazi yake kwa mshahara mdogo. Na kumfundisha mjukuu wake aishangae kazi hiyo kama muujiza wa mtu mwingine ni dhuluma ya pili, na hii ya pili tunaiendeleza sisi wenyewe, nyumbani, bila kampuni yoyote kutulazimisha.

Inaendelea hata leo. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote duniani inatoka Kongo, na sasa inakwenda katika betri za simu na magari. Mwezi wa Juni 2019 udongo uliwafukia wachimbaji wa mikono karibu na Kolwezi, wakafa zaidi ya 40. Kijana aliyelelewa na imani kwamba kitu kizuri lazima kiwe kimetoka kwingine ataishika simu yake kama bibi yake alivyoishika sahani.

Tano: mtihani

Wanaoniambia kwamba ninachimbua mambo ya bure, kwamba sahani ni sahani tu, hawakumbuki kwamba serikali ya Wabelgiji ilizitumia kutupima. Mwaka 1948 ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 ikaanzisha uandikishaji wa wale waliohesabiwa kuwa wameendelea. Aliyeomba alikaguliwa: wajumbe waliingia nyumbani kwake, wakatazama samani, usafi, na kama familia inakula mezani kwa kisu na uma. Katika kambi za Union Minière zilikuwepo nyumba za mafunzo ya wanawake, ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika na kuandaa meza. Na baada ya ukaguzi wote, walioandikishwa hadi mwaka 1958 hawakuzidi sana 200 katika koloni nzima.

Wengine walinunua sahani kwa sababu ya mtihani ule. Walizinunua wakati kipato hakikutosha, wakaziweka mahali zitakapoonekana na mkaguzi. Wakoloni waliondoka mwaka 1960. Mkaguzi hayupo. Sisi tumeendelea kumsubiri kwa kumwita mgeni wa maana, watoto wakila kwenye plastiki iliyopasuka huku vyombo vizima vimefungiwa kwa ufunguo. Nauliza kwa uchungu: ni mgeni gani aliye wa maana kuliko mtoto wako?

Hoja ya mwisho nayo haisimami, ile kwamba hatukuwa na vyombo vyetu wala vitamu vyetu. Mwaka 1957 wataalamu walianza kuchimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, hapa hapa Katanga. Walikuta vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, vilivyowekwa pembeni ya wafu kati ya karne ya 8 na ya 13 hivi, pamoja na shaba. Makaburi ya watoto yalikuwa na vyungu vidogo, vya kuwafaa wao. Watu waliomfinyangia mtoto aliyekufa chombo cha kadiri yake hawahitaji kufundishwa na yeyote heshima ya mlo. Na utamu, kila anayekaa kwenye misitu ya miombo anajua masuku huja lini, asali hupakuliwa lini, kinywaji cha munkoyo huchukua siku ngapi kuiva. Matunda baada ya chakula, yakiliwa taratibu watu wakizungumza, ndicho kitindamlo cha Waingereza wenyewe kabla sukari haijakijaza. Sisi tulikula masuku hivyo hivyo, tukaambiwa hiyo si desturi.

Wataniuliza kama nataka sahani zivunjwe, au ziuzwe kwa wanunuzi wa vitu vya kale wanaopita. Hapana. Kuziuza kwa bei ya chini ni kulitoa jiwe mara ya pili. Nataka zitumike, na siku zikipasuka zitakuwa zimepasuka kwa kazi. Nataka mwalimu wa Kambove aiweke sahani moja ya buluu juu ya meza ya darasa, na pembeni yake jiwe la kobalti na picha ya chungu cha Sanga, awaeleze wanafunzi vitu vitatu hivyo vinahusiana vipi. Na majumba ya makumbusho ya Stoke-on-Trent, ambayo chini ya kila sahani huandika kiwanda, mwaka na pengine hata aliyeipaka rangi, nataka yaandike pia buluu yake ilichimbwa wapi. Kwa sahani za karne ya 20 zenye kobalti ya huku, mstari mmoja unatosha: Katanga, Kongo.